Kulegeza Msuli si Kuponya Mgongo

Kukaza kwa msuli si ugonjwa. Ni kazi ya msuli, na msuli hauifanyi kazi hiyo bila kuamriwa. Amri hutoka katika ubongo au katika ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya fahamu ipitayo ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Hupita katika mishipa ya fahamu, kisha huvushwa hadi kwenye msuli na kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa hiyo, kabla ya kutoa dawa ya kulegeza misuli, yapasa kuuliza: amri ya kukaza imetoka wapi, na imetolewa kwa sababu gani? Swali hilo ni jepesi kulitamka, lakini aghalabu husahauliwa mtu anapofika dukani akishika kiuno.

Historia ya dawa hizi yaonyesha umuhimu wa swali hilo. Wenyeji wa misitu ya Amazoni, huko Amerika ya Kusini, walipaka mishale yao sumu ya mimea iitwayo kurare. Mnyama aliyechomwa alilegea, akashindwa kupumua, akafa. Katika karne ya 19 mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, aliichunguza sumu hiyo kwa kutumia chura. Aliona kwamba mshipa wa fahamu ukishtuliwa, msuli hautikisiki. Lakini msuli wenyewe ukishtuliwa, hukaza kama kawaida. Basi sumu haikuuharibu msuli. Ilifunga mlango ambao amri hupitia. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal nchini Kanada, Daktari Harold Griffith aliitumia dawa iliyotokana na kurare ili kulegeza misuli ya tumbo ya mgonjwa aliyekuwa akipasuliwa chini ya nusukaputi. Tangu hapo upasuaji ulipata msaada mkubwa.

Hata hivyo, palikuwa na watu waliodhani kwamba mtu aliyelegea hasikii maumivu. Mwaka 1947 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo daktari mmoja wa Marekani alikubali kulegezwa kabisa kwa dawa hiyo bila kupewa nusukaputi, huku akisaidiwa kupumua. Hakuweza kuinua hata ukope, lakini akili yake ilikuwa macho na maumivu aliyasikia yote. Hapo pana funzo: msuli uliolegea hauthibitishi kwamba maumivu yamekwisha, wala kwamba chanzo chake kimeondoka.

Dawa za kundi hilo hutumiwa pale tu penye mtaalamu wa nusukaputi na mashine ya kupumulia. Ziko nyingine, kama diazepamu na baklofeni, ambazo hazifungi mlango wa msuli bali hupunguza amri zenyewe katika ubongo na ugwe wa mgongo. Mahali pake pa haki ni pale amri hizo zinapokuwa zimepotoka. Mfano ulio wazi ni pepopunda. Sumu ya bakteria wa pepopunda huingia katika ugwe wa mgongo na kuzima chembe za fahamu ambazo kazi yake ni kuzuia misuli isikaze kupita kiasi. Taya hufunga, mgongo hupinda, na mgonjwa aweza kufa kwa kushindwa kupumua. Hapa diazepamu ni dawa ya kuokoa maisha. Lakini hata hapa haifanyi kazi peke yake: kidonda husafishwa, dawa ya kuua bakteria hutolewa, na sumu ambayo bado haijaingia katika fahamu hukingwa kwa kingasumu.

Maumivu ya kiuno ya kawaida ni jambo jingine kabisa. Mkulima aliyeinama shambani siku nzima, au mchukuzi aliyebeba gunia vibaya, hukazwa na misuli ya mgongo kwa sababu mwili unakilinda kiungo kilichoumia. Amri haikupotoka, ni ulinzi. Mwaka 2021 watafiti walikusanya majaribio 31 yaliyohusu watu zaidi ya 6,500 wenye maumivu ya kiuno. Waligundua kwamba dawa za kulegeza misuli huenda zikapunguza maumivu katika wiki mbili za mwanzo, lakini kwa kiasi kidogo, na ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Kwa upande wa pili, dawa hizi huleta usingizi na kizunguzungu. Dereva na mwendesha mashine wazifikirie hatari hizo. Zikichanganywa na pombe zaweza kuzuia pumzi, mzee aweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na anayetumia diazepamu kwa wiki nyingi aweza kuwa mtumwa wake.

Wako watetezi wa dawa hizi, nao hawakosi hoja. Mtu ambaye hawezi kulala kwa maumivu hawezi pia kupona upesi, na mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani unaziruhusu kwa maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni. Lakini mwongozo huohuo unatanguliza njia zisizo za dawa, kama joto na kukanda. Basi ruhusa hiyo yafaa ieleweke kuwa ni ya siku chache, kwa shauri la tabibu, na baada ya njia nyepesi kushindwa. Haifai kuwa jambo la kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni ya kunyamazisha mlinzi anayepiga kelele kwa haki. Katika Afrika ya Mashariki kifua kikuu hakijaisha, nacho huweza kuila mifupa ya uti wa mgongo. Misuli ya mgongo hukaza ili kuushikilia uti unaobomoka. Mgonjwa akipewa vidonge vya kulegeza, hupata nafuu ya muda huku mifupa ikiendelea kuliwa, hata miguu ipooze. Ndiyo sababu maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa za jioni, kukonda, udhaifu wa miguu, ganzi ya makalio au kushindwa kuzuia mkojo hayastahili kidonge cha dukani. Yastahili hospitali, tena bila kuchelewa.

Mwanafunzi wa biolojia hujifunza safari ya amri kutoka ubongoni hadi msulini, akaijibu katika mtihani, kisha akaisahau. Yafaa mwalimu amwonyeshe kwamba mchoro ule ndio mizani ya kupimia dawa. Amri ikiwa imepotoka, izuiwe. Amri ikiwa ni ya ulinzi, kwanza atafutwe adui.