Kivumbasi Tunakipenda, Lakini Si cha Kutiwa Ndani



Kivumbasi hakihitaji kutambulishwa. Kinaota chenyewe kandoni mwa njia za shamba na nyuma ya nyumba, na kanga yako ikikigusa tu, harufu unaondoka nayo. Bibi zetu walifikicha majani yake wakawanusisha watoto wenye mafua. Mtu mzima akizibwa pua, majani yalichemshwa, akainamia sufuria na kujifunika shuka mpaka jasho limtoke. Jioni matawi yaliwekwa juu ya makaa ili moshi ufukuze mbu. Wengine walikunywa maji yake kwa tumbo la kusokota. Na wapo wanaokiweka mlangoni kwa ajili ya mashetani. Hilo sisi tunaiachia Ayatul Kursiyyu.

Hayo hatuna ugomvi nayo, madhali chandarua kinabaki kitandani, na mtoto mwenye homa anapelekwa kupimwa malaria.

Tunachokipinga ni kingine. Bi harusi akishasuguliwa singo na kufukizwa udi, anatokea mtu na kifuko cha majani yaliyosagwa, kivumbasi na mengine asiyoyataja. Binti anaambiwa ayatie ukeni siku chache kabla ya harusi, ati "abane" na anukie. Mwengine huoshwa ndani kwa maji ya majani hayo hayo. Anaona haya kukataa, maana aliyeleta ni mtu mzima na keshalipwa.

Dada, uke unajisafisha wenyewe. Ndani mna bakteria wazuri wanaoulinda, na ukitia majani unawavuruga. Hufuata muwasho, na uchafu wenye harufu ile ile uliyokuwa ukiikimbia. Huko "kubana" kunakosifiwa mara nyingi ni ukavu tu: ngozi ya ndani inachubuka usiku wa kwanza, na mchubuko ni njia ya maradhi, Ukimwi ukiwemo. Bi harusi anaanza fungate kwa maumivu, akadhani ndivyo ndoa ilivyo, akanyamaza.

Tutaambiwa ni dawa ya asili, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Kweli ametuhimiza. Lakini anayejitibu ni mgonjwa, na uanamwari si ugonjwa. Josho linataka maji yaenee mwilini na kwenye mashina ya nywele. Hatukuamrishwa kujisugua ndani kwa majani. Mwili ni amana, na kujidhuru tumekatazwa.

Nanyi masomo wetu, hapa tunawaomba kwa heshima. Neno lenu linasikilizwa kuliko letu, na kuliko la daktari. Mfundisheni mwari josho na hesabu ya hedhi. Mwambieni anaweza kumwambia mumewe "ngoja" bila kuwa mkosefu wa adabu. Akiwa na muwasho au uchafu usio wa kawaida, mpelekeni kituo cha afya kabla ya harusi, mmoja wenu akae naye mpaka aitwe.

Kikuba cha kifuani kibaki cha asumini na mrehani. Kivumbasi kifungwe kishada, kiwekwe dirishani mwa chumba cha maharusi, kibadilishwe kikinyauka.