Redio ya kale ni dawa, lakini ina makali yake

Mstaafu akienda kwa daktari huambiwa apunguze chumvi, atembee na alale vyema. Huo ni ushauri mzuri. Lakini ni nadra kuulizwa mikono yake inafanya nini mchana kutwa. Swali hilo ni zito, hasa mijini ambako hakuna shamba la kulima wala ng'ombe wa kukama.

Tangu 2009, mtumishi wa serikali hapa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55. Wengi bado wana nguvu zao. Kwa maoni yangu, mojawapo ya kazi zinazowafaa ni kufufua zile redio kubwa za kabati la mbao zilizokuwa fahari ya sebule miaka ya 1950 na 1960. Kazi hiyo hudai subira: kupangusa vumbi, kupiga msasa na vanishi, kufuata waya mmoja mmoja hadi kasoro ionekane. Akili hupata mazoezi, na wajukuu hupata sababu ya kumkaribia babu.

Wapo wanaosema huko ni kupoteza pesa, kwani redio mpya ni rahisi. Anayetaka habari tu na anunue mpya. Mzee huyu anatafuta jambo la kumwamsha asubuhi.

Hata hivyo, msomaji, dawa hii yaweza kuua. Jambo la hatari zaidi ndilo kila mtu hutamani kulifanya kwanza: kuichomeka ukutani asikie kama inalia. Redio za valvu hufanya kazi kwa volti 200, 300 na hata zaidi, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme huo baada ya plagi kuchomolewa. Baadhi yake, chasisi ya chuma imeungwa moja kwa moja na stima. Kuigusa ni sawa na kushika waya wa ukutani. Mpira wa waya wa zamani nao hupasuka, na moto huanzia hapo.

Isitoshe, lehemu ya zamani ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwani huathiri ubongo. Moshi wa kulehemu huweza kuleta pumu. Redio nyingine zina asbesto karibu na sehemu zinazopata joto, na vumbi lake husababisha saratani. Ukiikuta, usiikwangue.

Basi yafaa kuanza hivi. Usiichomeke kabla ya fundi anayejua valvu kuikagua, kubadilisha waya na kapasita zilizochakaa, na kutia fyuzi. Ondoa umeme uliobaki kwa kutumia rezista, si bisibisi, kisha uhakikishe kwa mita. Lehemu penye dirisha wazi, watoto wakiwa mbali, na unawe mikono kabla ya kula. Usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako nyumbani.

Nanyi wana, acheni kumcheka baba kwa kukusanya vyuma vikuukuu. Mnunulieni mita nzuri, mmtafutie fundi, kisha mketi naye jioni moja mumshikie tochi.