Makofi Hayamfunzi Mtu Kazi

Majuzi, katika ukumbi wa hoteli moja jijini Dar es Salaam, mhamasishaji mmoja, wa wale wanaolipwa kuwaambia watu wazima waamke alfajiri, alitutangazia kwamba mtaalamu ambaye hajawahi kuwasilisha mada kwenye jukwaa kubwa ni mtaalamu aliyedumaa. Ukitaka kukua kikazi, alisema, panda jukwaani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa nimewekwa jirani na spika, masikio yananivuma, na nilikuwa na swali. Sikuliuliza kwa sababu muda wa maswali ulishaliwa na utambulisho wa meza kuu.

Naliuliza hapa. Huyo aliyepanda jukwaani, nani alimkosoa?

Mhasibu anakua siku mkaguzi anapomrudishia vocha na kumwambia hesabu hii haisimami. Daktari kijana anakua asubuhi ile bingwa anapomuuliza, mgonjwa akisikia, kwa nini ameandika dawa hii na si ile. Mwandishi anakua mhariri anapoifyeka aya aliyokesha nayo. Kila mtu aliyeiva katika kazi yake ameivishwa na mwenzake anayeijua kazi hiyo kumzidi, tena mara nyingi kwa maneno makali. Jukwaani kuna dakika ishirini, projekta, na MC anayeomba makofi ya nguvu hata kabla mtu hajafungua mdomo. Ukisema jambo la kweli utapigiwa makofi. Ukisema upuuzi kwa sauti nzuri utapigiwa makofi yaleyale. Sasa hapo mtu anajifunza nini?

Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, alichemsha maziwa ya aiskrimu akayatia kwenye jokofu yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, Mpemba akiwa shuleni Mkwawa, kule Iringa, alifika mgeni kutoka chuo kikuu kilichoko Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama kutoka kwenye viti akauliza kuhusu maji ya moto na maji ya baridi. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mhadhara wa siku ile ulihusu nini? Hakuna anayeuliza. Swali la kijana kutoka kwenye viti ndilo linalobishaniwa na wanafizikia mpaka leo. Na Osborne mwenyewe, kama alikua siku ile, hakukuzwa na aliyoyasema mbele ya wanafunzi. Alikuzwa na jambo asilolijua, lililompeleka maabara.

Niliwahi kufanya kazi katika mamlaka moja ya maji ambayo siitaji. Tulikuwa na fundi tuliyemwita Babu. Alikuwa akitoka usiku wa manane na fimbo ya chuma, anaisimamisha juu ya bomba, anaweka sikio kwenye ncha yake na kusikiliza. Usiku, kwa sababu mji umelala, koki za nyumbani zimefungwa, presha imepanda, na hakuna magari ya kuufunika mvumo wa maji yanayovuja chini ya ardhi. Mitaa kadhaa iliacha kukosa maji kwa sababu ya sikio la mzee yule. Basi ukaja mkutano mkubwa wa sekta, na aliyepelekwa kuwasilisha ni ofisa kijana mwenye suti na Kiingereza kilichonyooka. Alionyesha ramani ya rangi na mishale ya kushuka. Mtu mmoja wa nyuma, fundi kutoka mkoa mwingine, akauliza: ukisikia maji yanapita saa nane usiku, unajuaje kama ni uvujaji au ni mteja anajaza tangi? Kijana akajibu kwamba ni swali zuri sana, wataonana pembeni wakati wa chai. Chai ikanywewa, hawakuonana. Babu angejibu kwa sentensi moja: funga koki kwenye mita ya mteja, sikiliza tena. Baada ya mkutano ule kijana alipanda cheo. Babu alistaafu akiwa fundi, na fimbo ile sijui iko stoo gani.

Mtaniambia kijana alikua. Alipanda, hilo nakubali. Lakini uliza mabomba.

Na msidhani ni ushamba wetu wa huku. Januari 2003 chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kiligongwa na kipande cha povu kwenye bawa la kushoto kikiwa bado kinapaa. Wahandisi wakachambua hatari, na uchambuzi wao ukafika kwa wakubwa wa NASA kwa njia ya slaidi. Katika slaidi mojawapo, kichwa cha habari kilikuwa kinatuliza roho. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipoandikwa kwamba povu lililogonga lilikuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio yaliyotegemewa yalitumia inchi za ujazo 3. Mara 640! Tarehe 1 Februari Columbia ikasambaratika angani juu ya Texas na watu saba wakafa. Slaidi haikuwaua, povu ndilo lililotoboa bawa. Lakini bodi iliyochunguza ajali iliutaja waziwazi utamaduni huo wa kuwasilisha kwa slaidi mahali pa karatasi za kitaalamu kuwa tatizo. Mwaka uliofuata, 2004, Jeff Bezos alizipiga marufuku slaidi katika vikao vya wakubwa wa Amazon, kila mwenye hoja aiandike kwa sentensi kamili, na kikao kianze kwa watu kuisoma kimya. Karatasi unaweza kuichora mstari mwekundu. Kijana wa jukwaani ukimchora mstari mwekundu utaambiwa una wivu.

Kuna wanaosema jukwaa linaondoa woga na kumjenga mtu kujiamini. Hii ndiyo hoja yao kuu, na huitoa wakiwa wameinua kidevu. Sawa. Tapeli wa Kariakoo anayekuuzia boksi la simu lenye kipande cha sabuni ndani hana woga hata chembe. Anajiamini kuliko meneja wako. Apewe kipaza sauti? Elizabeth Holmes, Mmarekani mwenye kampuni ya kupima damu, alijiamini pia. Mwaka 2014 alisimama kwenye jukwaa la TEDMED akasimulia jinsi matone machache ya damu yatakavyobadilisha upimaji wa magonjwa, na watu wakamshangilia. Walioona kwamba mashine hazifanyi kazi ni vijana wa maabara yake, Erika Cheung na Tyler Shultz, waliokuwa wanagusa sampuli kila siku na ambao wakati huo hakuna aliyewaalika kuhutubia. Januari 2022 mahakama ilimtia Holmes hatiani kwa ulaghai, na Novemba akahukumiwa zaidi ya miaka 11 jela. Upande wa pili yupo Frederick Sanger, Mwingereza aliyetwaa Nobel ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, ambaye mwenyewe alikiri kwamba kuongea hakukuwa fani yake. Alikuwa wapi? Maabara.

Na hapo sijagusa gharama. Sijagusa yale ya mtu kusema “itifaki imezingatiwa” kisha akaizingatia upya, jina moja baada ya jingine, kuanzia mgeni rasmi mpaka mwenyekiti wa kamati ya mapambo. Sijagusa fulana, mabegi yenye nembo, picha ya pamoja kwenye jua la saa sita, na posho ya kikao ambayo ndiyo mada pekee inayofuatiliwa na ukumbi mzima kwa makini. Mwaka 2015 Rais Magufuli alipoagiza vikao vya serikali vitoke hotelini virudi kwenye kumbi za ofisi, wenye hoteli walilia. Sikusikia fundi hata mmoja akilia kwamba sasa hatakua kikazi.

Kwa hiyo, maofisa utumishi mnaosoma hapa, nina ombi. Kwenye fomu ya tathmini ya mwaka kuna mahali mnapouliza mfanyakazi amewasilisha mada kwenye makongamano mangapi. Pafuteni. Andikeni maswali mawili: nani aliikosoa kazi yako mwaka huu, na ulibadilisha nini? Atakayeacha nafasi hiyo wazi, msimpeleke mkutano wowote mpaka ajaze.