Kasiba Iliyokatwa na Dhamira ya Mkataji

Taarifa za Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, zinazosomwa redioni baada ya genge la majambazi kukamatwa, aghalabu hutaja bunduki iliyokatwa mtutu na kitako, kisha hupita haraka kwenda kwenye idadi ya risasi na namba za pikipiki, kana kwamba ule ukataji ni sifa ndogo ya chombo mfano wa rangi yake. Mimi naona kinyume cha hayo. Naona ya kuwa mtu aliyechukua msumeno akaipunguza kasiba ya bunduki amekwisha kuidhihirisha dhamira yake kabla hajamwelekezea mtu yeyote mdomo wa silaha ile, na ya kuwa maofisa wetu wa leseni, mahakimu wetu, na sisi raia tukaao pembezoni mwa jiji, huku Kimbiji na vijiji jirani, tungefanya vyema kuuhesabu ukataji huo kuwa kosa kamili peke yake, pasipo kungoja unyang'anyi utendeke.

Insafu yataka nianze na faida, maana zipo, na watu wenye maarifa walizitafuta kwa makusudi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza walikuwa na bunduki ndefu kwa askari wa miguu na nyingine fupi kwa wapanda farasi. Wakaona ni taabu isiyo na maana kuwa na mbili, wakatoa Lee-Enfield moja ya wote, ambayo kasiba yake ilipungua kutoka milimita 767 hadi 640, na watu wakaizoea vizazi viwili. Mwaka 1944, katika vita vya misituni ambavyo askari wa King's African Rifles, wakiwamo wazee wetu wa Tanganyika, walivipigana huko Burma, Waingereza hao hao wakaipunguza tena hadi milimita 478, wapate silaha nyepesi isiyonasa kwenye matete na mianzi. Wepesi waliupata. Walakini baruti iliyokuwa ikiungua ndani ya kasiba ndefu sasa iliungulia nje, ikatoa mwale wa moto mbele ya uso wa mpigaji, nalo teke la bunduki likazidi ukali begani. Ikawalazimu kuweka kikombe cha chuma mdomoni ili kuufunika ule mwale, na raba kwenye kitako ili kulipunguza lile teke, na juu ya yote hayo askari wakaendelea kulalamika ya kwamba leo bunduki hupiga hapa na kesho hupiga pale ilhali shabaha haikuguswa. Mwaka 1947 utengenezaji wake ulisimamishwa. Hao walikuwa na viwanda, wahandisi na viwanja vya majaribio, tena walikuwa na haja ya kweli, na bado gharama ya ufupi iliwashinda kuificha.

Kasiba hufanya kazi mbili. Huishika risasi njiani huku moto wa baruti ukiisukuma, hata ipate kasi yake yote. Na kwa mifereji iliyozungushwa ndani yake huipa mzunguko unaoifanya iende moja kwa moja pasipo kuyumba. Ukiipunguza, unaipunguzia risasi muda wa kusukumwa, ingawa si kila kipunguzwacho hudhuru kwa kadiri moja. Ile SKS ya Kirusi, ambayo waliopita Jeshi la Kujenga Taifa huijua kwa jina la SAR, bunduki inayojipakia yenyewe na kutoa risasi moja kila triga ivutwapo, ina kasiba ya milimita 520 na risasi yake hutoka kwa kasi ya mita 735 kwa sekunde. AKM, ambayo polisi wetu huihesabu katika zile wanazoziita SMG, ina milimita 415 na hupiga risasi ile ile kwa mita 715, hasara isiyozidi mita ishirini. Lakini Warusi walipoichukua AK-74, yenye milimita 415 na mita 900 kwa sekunde, wakaitolea ndugu yake mfupi wa milimita 206 kwa ajili ya madereva wa vifaru na marubani, kasi ilianguka hadi mita 735. Yaani hatua za kwanza za ufupi ni rahisi, na za mwisho ni ghali mno. Na mkataji wa vichochoroni haishii kwenye za kwanza, kwa kuwa ufupi anaoutaka si wa kupita msituni, bali ni wa kuingia ndani ya begi au chini ya koti.

Fauka ya hayo, bunduki inayojipakia yenyewe kama hizo huchukua sehemu ya hewa ya baruti kupitia tundu lililotobolewa kwenye kasiba, na hewa hiyo ndiyo irudishayo mtambo nyuma ili kutupa ganda na kuvuta risasi ya pili. Mizani ya urefu wa kasiba, mahali pa tundu na nguvu ya hewa hupangwa kiwandani kwa hesabu. Fundi wa kuchomelea milango, hata awe hodari namna gani katika kazi yake, hana hesabu hiyo. Akiikata kasiba huivuruga mizani, na silaha iliyokuwa ikitegemewa huanza kukwama, au kufyatua vibaya karibu na mkono wa anayeishika. Na ile bunduki ya marisau, ambayo ndiyo hasa huonekana mezani pa polisi ikiwa imekatwa, mara nyingi mdomo wake ulibanwa kidogo kiwandani ili goroli ziende pamoja hata mbali. Akiukata mdomo huo ameondoa lile bano, na ncha ya kulengea imekwenda nalo.

Sasa tuitazame Kimbiji yenyewe. Kata hii, iliyokuwa Temeke na leo ni ya Wilaya ya Kigamboni, ina pwani ya wavuvi upande mmoja na mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho upande wa pili, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 imepokea wageni wengi wanaonunua viwanja, wanajenga ukuta, kisha wanarudi mjini wakimwacha mlinzi. Usiku nguruwe hutoka vichakani wakafukua shamba zima la mihogo, na asubuhi ngedere humalizia kilichobaki. Mwenye shamba akisema anahitaji bunduki, mimi siwezi kumlaumu. Lakini nguruwe hupigwa kwa umbali, gizani, naye akijeruhiwa pasipo kufa humgeukia mpigaji. Mkulima huyo anahitaji kasiba ndefu, shabaha iliyo thabiti na goroli zinazokwenda pamoja. Mlinzi wa kiwanja naye anataka silaha yake ionekane, kwa kuwa nusu ya ulinzi wake ni mwizi kuiona akaghairi. Bunduki iliyofichwa chini ya koti haimfukuzi mtu. Nimejaribu kumfikiria mwananchi mwema wa huku, awe mvuvi, mkulima, mlinzi au mfanyabiashara, ambaye maslahi yake halali yangetimizwa kwa kasiba iliyokatwa, nisimpate.

Anayebaki ni yule atakaye kupanda bodaboda na silaha pasipo abiria mwenzake kujua, akaingia dukani jioni wakati mauzo yanahesabiwa, akaitoa hatua mbili kutoka kifuani mwa mwenye duka. Kwake hasara zote nilizozitaja si hasara: kasi iliyopungua inatosha, shabaha haihitajiki, mwale mkubwa wa moto na mshindo vinamsaidia kutisha.

Mataifa mengine yaliliona jambo hili zamani. Marekani, nchi isiyojulikana kwa ubahili wa bunduki, iliweka sharia mwaka 1934 ikitaka bunduki za kasiba fupi ziandikishwe na kulipiwa ushuru wa dola 200, kiasi kilichokuwa kikubwa siku zile. Kipimo cha leo cha rifle ni inchi 16, na cha bunduki ya marisau inchi 18. Mwaka 2025 Bunge lao lilipitisha kuufanya ushuru ule sifuri kuanzia Januari 2026, lakini wajibu wa kuandikisha ukabaki. Huko Uingereza sharia ya mwaka 1968 hulifanya kosa tendo lenyewe la kuifupisha bunduki ya marisau chini ya inchi 24, hata kama mtendaji hajaiba senti. Nasi katika ukanda wetu tuna Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na Tanzania ikiwamo, ambayo huzitaka nchi wanachama kuwazuilia raia kabisa rifle zinazojipakia zenyewe, na kuzitia alama silaha zote ili asili yake ifuatiliwe. Kwa hiyo, mtu wa Temeke akikutwa na SAR iliyokatwa, hakuna haja ya kubishana juu ya milimita. Silaha yenyewe si yake. Ubishi uko kwenye bunduki ya marisau, iliyokuwa na leseni halali siku ya kwanza na msumeno siku ya pili.

Mtu ataniambia ya kuwa tatizo letu si kukata, ni kuibiwa, na atanikumbusha Stakishari, Julai 2015, kituo cha polisi kilipovamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa, nyingi zikapatikana baadaye zimefukiwa Mkuranga, jirani zetu hawa. Ni kweli, na ni msiba ambao hatujausahau. Lakini silaha za vita huibwa na watu waliojiandaa kwa vita. Wanaotutoa roho madukani kwa ajili ya mauzo ya siku moja ni wengine, na chombo chao aghalabu kilitoka kwa mwenye leseni aliyezembea, kikapitia kwa fundi ambaye hakuuliza swali.

Nina hofu moja, ya kwamba ukali huu usije ukamwangukia asiyestahili. Yuko mzee mwenye gobore la babu yake, kasiba imeliwa na kutu ya bahari na mdomo umevunjika wenyewe; huyo si jambazi, na mwaka 2023 Serikali ilipotoa muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, ilikusudia kumpa njia mtu kama yeye. Muda wa namna hiyo urudiwe, na utangazwe misikitini, makanisani na sokoni, si magazetini tu.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Mwenye leseni anapopeleka bunduki yake kukaguliwa, ofisa asiishie kusoma namba. Achukue utepe, aipime kasiba, aandike urefu wake ndani ya kitabu cha leseni, na mwaka unaofuata aipime tena, na ikipungua mwenye nayo aeleze mbele ya sharia zile inchi zimekwenda wapi. Watendaji wa kata na polisi kata wakae na mafundi wa kuchomelea wa Kibada, Kimbiji na Mbagala, wawaambie kinaga ubaga ya kuwa anayekata mtutu kwa ujira wa elfu chache ni mshirika wa atakayeutumia. Naye mkulima wa mihogo, ambaye kilio chake juu ya nguruwe ni cha haki, apewe maofisa wa wanyamapori wanaofika anapowaita, wakiwa na bunduki ndefu na mkono uliofundishwa.