Mwandishi Aliyenyamaza

Riwaya ya wiki hii imeandikwa kwa Kifaransa na Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali. Mwaka 2021 ilitunukiwa zawadi ya Goncourt huko Ufaransa, ambayo hakuna mwandishi wa Afrika kusini ya Sahara aliyepata kuitwaa kabla yake.

Ndani yake kijana aishiye Paris anamsaka T.C. Elimane, mtungaji wa kubuniwa aliyetoa kitabu kimoja mwaka 1938, akasifiwa, akashutumiwa wizi wa maandishi, kisha akatoweka. Lakini kisa hicho kina mwenyewe. Yambo Ouologuem wa Mali alipata zawadi ya Renaudot mwaka 1968 kwa riwaya yake Le Devoir de violence. Baadaye zikagunduliwa humo sehemu zinazofanana mno na maandishi ya Graham Greene na André Schwarz-Bart. Mwenyewe alidai kwamba aliweka alama za kunukuu, zikaondolewa na wachapishaji. Kitabu kikatolewa madukani. Naye akarejea Mali, akajitenga huko Sévaré katika ibada, wala hakutaka tena mazungumzo ya vitabu hadi alipofariki mwaka 2017.

Kutwaa maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa, nasi hatulifichi. Walakini waliomtukuza asubuhi ndio waliomzomea jioni, na jambo hilo Sarr analionyesha barabara. Riwaya ni ndefu, hurukaruka toka Senegali hadi Argentina. Yafaa isomwe wakati wa likizo. Mwanzoni mwake limechapwa jina la Ouologuem, ambaye Sarr amemtunukia kazi hii.