AFYA NYUMBANI: Jino Haliozi Siku Linapouma

Mkulima hodari hangoji mahindi yake yageuke manjano ndipo aanze kupalilia. Hung'oa magugu yangali machanga, kwa kuwa ajua ya kwamba gugu lililokwisha kutia mizizi limekwisha kula mbolea ya shamba. Lakini mkulima huyo huyo huenda akapitisha miaka mingi bila kuyafikiri meno yake, mpaka usiku mmoja gego limnyime usingizi. Hapo hufunga safari kwenda hospitali, na neno lake la kwanza kwa daktari huwa ni hili: "Ling'oe."

Mara nyingi daktari hana budi kuling'oa, kwa sababu jino limeletwa likiwa limekwisha haribika. Mtu hurudi nyumbani akishukuru kuondokewa na maumivu, naye hudhani ya kuwa ugonjwa ulianza juma lile. Kumbe ulianza zamani, pengine miaka miwili au mitatu kabla, nao ungaliweza kuzuiwa kwa kazi ya dakika chache kila siku. Katika mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Mengi ya magonjwa hayo yaweza kuzuiwa, lakini hayawezi kuzuiwa na mtu anayengoja maumivu yamwamshe.

Jinsi jino linavyooza

Watu wengi wamesikia kwamba jino huliwa na mdudu. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Vilivyomo kinywani ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo hukaa juu ya meno katika utandu laini uitwao ukoga. Mtu akila sukari, vijidudu hivyo huila pia, na katika kuila hutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayolimong'onyoa jino kidogo kidogo.

Tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, wala hakuna kitu kigumu kulipita katika mwili wa mwanadamu. Lakini tabaka hilo halina mishipa ya fahamu, na kwa hiyo likitobolewa mwenye jino hasikii lo lote. Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa. Wakati huo jino laweza kupona lenyewe likisafishwa vizuri na kupata dawa ya meno yenye floraidi. Tundu likisha kupita tabaka la nje, jino huanza kushtuka kwa maji baridi au kitu kitamu. Hata hapo daktari aweza kulisafisha na kuliziba, nalo likatumika miaka mingi. Maumivu makali ya usiku huja mwisho, tundu linapofika kwenye kiini cha jino penye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo kuziba tu hakutoshi tena. Hubaki kutibiwa mizizi, kazi ya gharama kubwa, au kung'olewa.

Katika jambo la sukari liko neno moja lisilojulikana na wengi. Tuseme wako makarani wawili katika ofisi moja, na kila mmoja hutumia vijiko sita vya sukari kwa siku. Wa kwanza hunywa chai yake pamoja na chakula cha asubuhi na cha mchana, kisha basi. Wa pili huweka kikombe mezani, akanywa kidogo kidogo tangu saa mbili hadi saa kumi, na katikati ya hayo hufyonza peremende. Sukari yao ni sawa, lakini meno yao hayatakuwa sawa. Kila mara kitu kitamu kinapoingia kinywani, tindikali hudumu kwa nusu saa au zaidi, mpaka mate yaiondoe. Karani wa kwanza ameyapa mate yake nafasi ya kufanya kazi. Wa pili hakuyapa nafasi kutwa nzima. Kadhalika mtafuna miraa anayeshushia kwa soda saa nyingi mfululizo. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko vinane vya chai, hali Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri katika mwaka 2015 kwamba ni vema sukari ya mtu mzima isizidi vijiko vipatavyo sita kwa siku nzima.

Mmomonyoko wa fizi

Ugonjwa wa pili ni wa fizi, nao huja kwa ukimya kuliko ule wa kwanza. Ukoga usiposuguliwa hukauka ukawa mgumu kama jiwe, ukaitwa ugaga, na mswaki hauwezi kuutoa tena. Fizi huvimba na kutoka damu. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale kwa hofu ya kuumiza fizi, na hilo ndilo kosa kubwa. Damu huonyesha kwamba ukoga umebaki. Mahali hapo pakisafishwa taratibu asubuhi na usiku, kwa kawaida damu hupungua katika juma moja au mawili. Ikiwa haipungui, yafaa kumwona daktari ili autoe ugaga kwa vyombo vyake.

Ugonjwa ukiachwa, mfupa unaoshika mizizi ya meno hupungua kama udongo wa mteremko usio na matuta. Kila mkulima ameona mti ulioachwa mizizi wazi na mvua. Hausimami muda mrefu. Vivyo hivyo meno mazima, yasiyo na tundu hata moja, hulegea na kutoka. Wavutaji wa sigara na wenye ugonjwa wa kisukari wamo katika hatari zaidi. Tena kwa mwenye kisukari, fizi mbovu huifanya kazi ya kuituliza sukari ya damu kuwa ngumu.

Meno ya watoto

Mtoto huota meno 20 ya utoto, na mtu mzima huwa na meno 32. Wazazi wengine husema, "Hayo ya utoto yatang'oka, ya nini kuyatunza?" Lakini meno ya utoto huyawekea mahali meno yatakayofuata, yakiondoka mapema, meno ya ukubwani huota yamesongamana na kupandana. Tena mtoto mwenye maumivu halali vema, hali vizuri, wala hashiki masomo.

Jambo jingine lawapasa wazazi walikumbuke. Mtoto akifikia umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani humwota nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lo lote kutoka kwanza. Kwa sababu hiyo wazazi hulidhani kuwa ni jino la utoto. Likioza hupuuzwa, na hali halina jingine la kushika nafasi yake. Mzazi mwenye mtoto wa miaka sita au saba na afunue kinywa chake penye mwanga, alitafute gego hilo, kisha alisafishe kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wa umri huo bado hana ustadi wa kusafisha meno ya nyuma peke yake.

Iko pia desturi ya kuhuzunisha. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, watu wengine husema kwamba ana "meno ya plastiki" ndani ya ufizi, wakaukata ufizi ili wayatoe. Vile vyeupe wanavyovitoa ni mbegu za meno ya mtoto yenyewe. Mtoto huweza kufa kwa kutokwa na damu au kwa pepopunda, na homa iliyokuwa na sababu nyingine haikutibiwa. Mtoto wa homa apelekwe zahanati. Fizi zake ziachwe.

Maji ya Bonde la Ufa

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama pande za Nakuru, Naivasha na Baringo, watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Wengine huwacheka kwamba hawapigi mswaki. Hawana kosa. Ardhi ya huko ni ya volkano, na maji ya visima vingi yana floraidi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni. Floraidi ni kama chumvi katika mboga: kidogo huliimarisha jino, nyingi huliharibu. Madhara humpata mtoto kabla ya umri wa miaka minane, meno yake ya ukubwani yanapoumbika ndani ya taya. Kuyasugua madoa kwa mchanga hakuyaondoi, bali hulila jino.

Kuchemsha maji huua vijidudu vya magonjwa, lakini hakuondoi floraidi. Wakaao pande hizo wangefanya vema kuyakinga maji ya mvua kutoka mabatini na kuwawekea watoto wadogo ya kunywa na ya kupikia. Iko pia michujo ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kwa utaratibu maalum, nayo hupunguza floraidi. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo huweza kuwa na floraidi nyingi.

Namna ya kusafisha

Meno yapasa kusafishwa mara mbili kwa siku, kila mara kwa dakika mbili. Ikiwa mtu ana nafasi ya mara moja tu, asiache ile ya usiku kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua na meno hukosa mlinzi. Mswaki uwe laini, usogezwe taratibu kwa miduara midogo mahali jino linapokutana na ufizi, ndani na nje. Nguvu nyingi hazisafishi zaidi, hukwangua fizi. Dawa ya meno iwe na floraidi. Mtu mzima ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu hutosha dawa ya kadiri ya punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kadiri ya punje ya njegere.

Asiye na fedha ya kununua mswaki wa duka asione haya kutumia mswaki wa mti, kama watu wa pwani na wafugaji wa nyika walivyofanya tangu kale. Shirika la Afya Ulimwenguni limeusifu mswaki huo. Ncha yake itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, meno yasuguliwe moja moja pamoja na ya nyuma yanayosahauliwa, na ncha iliyochakaa ikatwe. Akiweza kupata dawa ya meno yenye floraidi, aipake juu yake. Jivu, mchanga na mkaa uliosagwa haifai kuvitumia, kwa sababu hulikwaruza jino na kulifanya jembamba.

Jino likisha kuuma

Mtu aliyechelewa asijiongezee mabaya. Wako watu ambao kwa uchungu hutia ndani ya tundu maji ya betri, mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu. Vitu hivyo huunguza ulimi na fizi, na vingine ni sumu. Aspirini ikibandikwa juu ya ufizi huuchoma. Kazi yake ni kumezwa kwa maji, tena na mtu mzima asiyekatazwa na daktari. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini hayaponyi kitu. Na maumivu yakikoma yenyewe baada ya siku kadha, mtu asifurahi upesi: mara nyingi ni kwa kuwa kiini cha jino kimekufa, na usaha unajikusanya chini yake.

Ikiwa shavu au chini ya kidevu pamevimba, na mgonjwa ana homa, hawezi kufunua kinywa, anameza kwa taabu au anapumua kwa shida, na apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuiziba njia ya pumzi na kuua. Kadhalika kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma matatu chapasa kuonwa na daktari, hasa kwa mvutaji au mtafuna tumbaku, kwa maana huenda kikawa ni mwanzo wa saratani.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika habari za meno neno hilo ni kweli kabisa. Tundu dogo huzibwa kwa gharama iliyo nafuu. Mizizi hutibiwa kwa gharama kubwa. Na jino la mtu mzima likisha kung'olewa, halioti jingine. Kwa hiyo yampasa mwenye nyumba kuwapeleka jamaa zake kukaguliwa meno angalau mara moja kwa mwaka, katika siku ambayo hakuna hata mmoja wao anayelia kwa maumivu. Siku hiyo ndiyo daktari anapoweza kuwasaidia zaidi.