Mnaogopa urani ya ndege, na risasi iko hapo gereji

Wiki mbili sasa mnanitumia video ile ile. Msee amesimama shambani, ndege inapita mbele ya Mlima Kenya, na sauti inasema ati kila ndege kubwa imebeba urani kwa mabawa na serikali zote zimenyamaza. Wengine wenu wa Meru mmeniuliza kama ndio maana watu wanaugua. Nimeona nijibu mara moja kwa wote, kwa sababu enyewe hiyo video ina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba imeuokota ule ukweli ikauweka mahali si pake, na pale pake hasa ndipo panapotuhusu sisi.

Anza na mabati. Bati likitoka msumari upande mmoja siku ya upepo, haling'oki papo hapo. Upepo unalipiga, linapanda, linashuka, linapanda tena, na kila pigo linaongezea nguvu lile linalofuata, mpaka misumari iliyobaki inaanza kulegea yenyewe. Ndio unaona watu wameweka mawe na tairi nzee juu ya paa. Sasa bawa la ndege lina sehemu kama hiyo, na imewekwa makusudi. Nyuma ya bawa na kwenye mkia kuna vipande vinavyopinda kwa bawaba, kama mlango uliolazwa. Rubani akivisogeza ndipo ndege inapanda, inashuka ama inakata kona. Lakini kipande kilichoshikwa kwa bawaba upande wa mbele tu, uzito wake wote ukining'inia nyuma, upepo wa kilomita 900 kwa saa utakifanyia kile unachofanyia bati lenu. Kinaanza kutetemeka, na mtetemo ukishika kasi unaweza kuking'oa ndani ya sekunde chache, pamoja na kile kilichokishikilia.

Dawa yake ni rahisi: weka uzito mbele ya bawaba, kipande kisawazike kama mizani ya mama mboga. Fundi wa tairi anafanya kitu karibu hicho akigonga kile kijipande cha kijivu pembeni ya rimu ili usukani usitetemeke ukifika kilomita 80. Hicho kijipande mkikumbuke, nitakirudia.

Tatizo la ndege ni nafasi. Mbele ya bawaba ni pembamba, ukiweka chuma cha kawaida hakitoshi. Chukua chupa ya soda ya nusu lita. Ikijaa maji ni nusu kilo. Ijaze chuma, karibu kilo 4. Ijaze risasi, yale madini laini ya betri, utapata kama kilo 5.7. Ijaze urani, kilo 9.5. Tungsteni, kilo 9.6. Dhahabu ni hapo hapo na tungsteni, ndio maana kuna matapeli wa dhahabu feki duniani wanaopaka dhahabu juu ya tungsteni na mizani haishtuki. Hakuna kampuni itaweka dhahabu kwa mkia wa ndege, kwa hivyo zilibaki mbili.

Urani iliingiaje? Nchi zenye nyuklia zinachuja urani asilia zikitafuta aina moja tu, ile ya 235, ambayo haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kinachobaki baada ya kuchuja ni rundo kubwa la metali nzito isiyo na kazi, mionzi yake ikiwa karibu asilimia 40 chini ya ile ya urani iliyotoka ardhini. Ilikuwa nyingi, ilikuwa bei ya chini. Boeing wakaichukua, na 747 zilizojengwa toka mwishoni mwa miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 zikawekewa. DC-10 na L-1011 pia. Vipande vilipakwa nikeli na kadimiamu, rangi ikapita juu, na sheria ya Marekani ikataka kila kimoja kigongwe maandishi ya kusema ni nini. Baadaye Boeing wakahamia tungsteni. Ndege ndogo, zile za aina ya Cessna 172, zinatumia risasi ya kawaida tu. Kwa hivyo msee wa video amechelewa miaka kama 40, na ndege inayopita juu ya shamba lake haimwagi kitu. Kipande kizima kilichofungwa ndani ya mkia hakikufikii wewe ukipalilia.

Urani hii inakuwa shida ikiwa unga. Ikiungua sana, ama ikikwaruzwa, inatoa vumbi, na vumbi hilo likiingia mwilini figo ndizo zinaumia kwanza. Inaumiza kama metali ya sumu kabla hujafika kwa mambo ya mionzi.

Na imewahi kuungua katikati ya watu. Tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al, 747, ilitoka Amsterdam, injini mbili za bawa moja zikachomoka, ikaanguka kwenye maghorofa ya Bijlmermeer. Watu 43 walikufa. Mtaa ule ulikuwa umejaa wahamiaji, Wasuriname, Waghana, watu wa aina yetu. Ndani ya ndege kulikuwa na kilo 282 za urani ya kusawazisha, na zilizopatikana baadaye ni kama 130 tu. Wakazi walilalamika miaka kuhusu magonjwa, mpaka bunge la Uholanzi likafanya uchunguzi wake, ulioisha 1999. Wataalamu waliona si rahisi urani iwe ndiyo iliyowagonjesha. Sawa. Lakini cheki: kuna mtu alikuwa na hesabu. Kilo ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, ngapi hazionekani. Hata kama jibu halikuwafurahisha, walikuwa na namba ya kugombania.

Sasa njooni nyumbani. Miaka 18 kabla ya hiyo, 20 Novemba 1974, 747 ya Lufthansa iliyokuwa imetoka Frankfurt ikielekea Johannesburg ilipaa Embakasi, Nairobi, na haikupanda. Vipande vya mbele vya mabawa vinavyosaidia kupaa havikuwa vimefunguka. Ilianguka karibu kilomita moja tu baada ya mwisho wa njia ya kurukia, ikashika moto. Ilikuwa na watu 157, wakafa 59. Ndiyo ajali ya kwanza ya 747 kuua watu duniani, na ilitokea hapa kwetu. Wangapi wenu mliwahi kufundishwa hiyo? Mimi sikuwahi kuisikia shule ya msingi, sekondari, wala ile miaka miwili niliyokaa chuo kabla nitoke.

Hiyo ndege ilitoka kiwandani 1970, katikati kabisa ya kile kipindi cha urani. Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kwa sababu wakati huo mambo ya anga yalikuwa ya nchi tatu pamoja. Ripoti ikatoka, na 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, kila nchi ikagawana meza na viti. Sisemi Embakasi ni sumu, na mtu asikate hii sentensi aweke kwa video yake. Nasema mabaki ya ndege ni skrapu, skrapu inauzwa kwa kilo, na metali nzito inapendwa na mwenye mizani. Waholanzi waliuliza kilo ngapi zilirudi. Sisi pia tunastahili hiyo karatasi.

Hapo ndipo inanifikisha Embu. Skrapu hapa si stori ya mbali. Januari 2022 stima ilipotea nchi nzima baada ya nguzo za laini kubwa ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, na Kiambere ni hapa hapa Embu. Siku chache baadaye Rais Uhuru akapiga marufuku biashara ya skrapu kwa sababu watu wanang'oa vyuma vya nguzo. Marufuku ikaondolewa baada ya miezi michache, ikaja mambo ya leseni na ukaguzi. Yote hayo yalikuwa ya kulinda nyaya. Kijana anayesukuma mkokoteni, anayeshika hayo madude kwa mikono mitupu halafu anakula chapo, hakuna mtu alimtaja.

Rudi kwa kile kijipande cha rimu. Kile cha zamani ni risasi. Ulaya walikitoa kwa magari mapya tangu 2005, wakaweka cha chuma ama zinki, na tairi zao zinazunguka vizuri tu. Hapa bado kiko. Kuna gereji moja mjini Embu, jina nitabaki nalo, nimeona kijana wa kama miaka 14 akiviokota chini, anavijaza kwa kopo la rangi, anaweka juu ya makaa. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327, jiko la kawaida linatosha. Anamimina kwa vishimo vya udongo, vinakuwa vizito vya nyavu vya kuuzia wavuvi wa Masinga na Kiambere. Ule moshi anauvuta yeye na kila mtu wa hiyo kona, akiwemo mtoto wa mama wa chai. Ukienda Gakoromone pale Meru, uliza betri nzee zinapasuliwa wapi, hutatembea mbali.

Tungsteni angalau inajilinda. Inataka nyuzi zaidi ya 3,400, hakuna jiko litaigusa. Risasi ndiyo rafiki wa maskini: laini, nzito, inakubali moto kidogo. Na ndiyo inaingia kwa akili ya mtoto na haitoki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Hatuhitaji kwenda Amsterdam kupata ushahidi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi toka 2007 mpaka 2014 karibu na nyumba za watu. Phyllis Omido alianza vita baada ya mtoto wake mwenyewe kupatikana na risasi mwilini. 2020 mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, kesi ikazungushwa kwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikasimama na wakazi. Miaka yote hiyo, na kile kilichowaumiza kiko chini ya kila gari inayotoka hapa kwenda Nairobi.

Kwa hivyo nikiona watu wanaangalia juu wakitafuta urani, manze, nachoka. Sio kwamba swali ni mbaya. Ni kwamba linapendwa kwa sababu liko juu, halina mwenyewe, huwezi kwenda kuliambia lihame. Ile ya gereji ina mwenyewe, na pengine ni mjomba wako, na pengine ndiyo inalipa karo. Ni ngumu kuiwekea video. Najua pia kumwambia huyo kijana aache bila kumpa kitu kingine ni kumpigia kelele tu. Ninachotaka ni kidogo: kaunti za Embu na Meru, ukaguzi wa gereji si lazima uishie kwa leseni ya biashara na rangi ya mlango. Vipande vya risasi vikusanywe kwa ndoo yenye kifuniko na viuzwe vizima kwa mwenye leseni, kisiyeyushwe kitu pale watu wanakula. Fundi anaponunua vipya, anunue vya chuma.

Na wewe unayeuza skrapu, ukikutana na kipande kidogo ambacho ni kizito kupita akili, usikipige msasa, usikikate, usikiweke kwa moto. Kiache mahali kiko, piga simu kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, ambayo sheria yake ni ya 2019 na hiyo ni kazi yao.

Ile ya Embakasi naifuata mwenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuuliza ofisi ya umma ina rekodi gani, na inawapa siku 21 kujibu. Barua yangu ina maswali mawili: ndege ile ilikuwa na kilo ngapi za urani, na zilizotolewa pale zilipelekwa wapi. Inaenda Jumatatu.